Kidogo ni Kiasi Gani

Sekei, Arusha
14 Agosti 1997

Baba Mkubwa wangu Aloisi,

Shikamoo sana. Naandika nimejifunga kanga mbili juu ya sweta la mtumba, maana baridi ya mwaka huu hapa Sekei haina adabu. Mama anakusalimu. Meza yake ya nguo kule sokoni Kilombero ipo, ila siku hizi kila mtu anauza mitumba, wauzaji wamekuwa wengi kuliko wanunuzi. Kibosho nako ni wazima. Kahawa imezaa, lakini kwa bei hii watu wameanza kung'oa miche wapande nyanya. Nchi imekuwa ruksa, Baba Mkubwa, hata mkahawa wa babu unang'olewa.

Mimi bado niko kwenye ile kampuni ya kupandisha wageni mlimani, naongea na walio mlimani kwa redio ya upepo kutwa nzima. Kampuni za utalii zinaota hapa mjini kama uyoga. Bosi wetu, Bwana Ndesanjo, ameongeza gari jingine, anasema tusipokimbia wenzetu watatupita.

Sasa usishtuke. Mwanao Bariki amepata ajali ndogo kazini. Alikuwa anashuka Mlima Meru na mizigo ya wageni, akajikwaa. Tulimpeleka hospitali, wakamtazama, na sasa yuko hapa nyumbani kwetu anapumzika. Anaendelea vizuri. Usiwe na wasiwasi, wala usihangaike kusafiri kwa umri huo. Kukiwa na lolote tutakujulisha.

Binti yako akupendaye,
Fransiska


Tabora
3 Septemba 1997

Binti yangu Fransiska,

Marahaba. Mwambie shemeji yangu Skolastika, mama yako, kwamba muuza makoti hapaswi kukohoa. Avae moja la biashara, hakuna atakayemshitaki. Huku ni jua na vumbi. Omari, yule niliyekuwa naye stesheni, yeye akiwa fundi wa ishara na mimi mkuu, ndiye aliyeniletea barua yako kutoka posta. Shirika la Reli lilitupunguza kazini siku moja, basi siku hizi tunashindana bao chini ya upenu wake, na ananifunga.

Barua yako nimeisoma, kisha nikaigeuza nyuma kuona kama umeandika kitu huko. Hakuna.

Ajali ndogo. Amejikwaa. Anaendelea vizuri. Hivi ndivyo mnavyoongea kwenye hiyo redio yenu? Ndogo ni kiasi gani? Mtu akijikwaa husema "aa!" akaendelea na safari, hapelekwi hospitali. Na anaendelea vizuri kutoka wapi kwenda wapi? Mwanangu, ningepokea ujumbe kama huo stesheni, kwamba kuna treni inakuja, si kubwa sana, inaendelea vizuri, ningeua watu.

Nikueleze tulivyofanya sisi. Mwenzangu wa stesheni ya jirani akitaka kunitumia treni, anapiga simu ya reli. Anasema ni treni ipi, iko wapi, ina hali gani, na anataka nini kwangu. Mimi sisemi "sawa" wala "haya". Narudia alichosema, neno kwa neno, naye anasikiliza kama nimekosea. Mpaka nimalize kurudia, niseme njia iko wazi, treni haiondoki. Watu walikuwa wakitucheka, eti kasuku wa serikali. Wacheke. Kasuku hao walilala usingizi wa amani.

Kwa hiyo niambie. Alianguka mahali gani? Alipiga nini, mguu, mgongo, kichwa? Nani alimshusha? Daktari aliuitaje huo ugonjwa? Yule ni mwanangu wa pekee, mama yake alimwacha ananyonya, nami nimemlea kati ya filimbi na bendera. Usinifiche.

Baba yako mkubwa,
Aloisi Mushi


Sekei
28 Septemba 1997

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Mama amecheka sana habari ya koti, akavaa moja, mteja akalinunua akiwa amelivaa. Ndiyo hivyo, bado anakohoa.

Umeuliza, nami nakujibu. Alianguka kwenye zile ngazi za mbao kati ya kibanda cha juu na kibanda cha Miriakamba. Ukungu ulikuwa umezilowesha. Alikuwa amebeba sanduku la vyombo na jiko la mafuta, mguu ukateleza, akaenda chali. Alipiga kichwa, hapa kisogoni. Wenzake walimbeba hadi Miriakamba.

Redio nilipokea mimi. Wewe utauliza tu, basi nakuandikia tulivyoongea, mimi na Mikaeli, kiongozi wa msafara ule, Mmeru mmoja mpole wa Ngarenanyuki.

Nilisema, "Miriakamba, habari za huko? Ova."
"Nzuri tu, dada. Za mjini? Ova."
"Nzuri. Mnaendeleaje? Ova."
"Tunaendelea vizuri. Ila kuna kijana mmoja amejikwaa kidogo, anapumzika. Ova."
"Mgeni?"
"Hapana, si mgeni. Ni mgumu tu."

Wagumu ndivyo wapagazi wanavyojiita.

"Poleni," nikasema. "Mpeni chai. Ova."
"Asante, dada."

Basi. Bosi akauliza kuna nini huko, nikamwambia mpagazi amejikwaa kidogo. Gari lilikuwa pale pale geti la Momela, na kuna njia ya gari inayopanda mpaka karibu na Miriakamba. Bosi akasema kama ni kidogo, gari lirudi, kuna wageni wa kupokea uwanja wa ndege. Likarudi. Wenzake walimteremsha kesho yake jioni kwa machela ya miti na blanketi. Nilipokwenda kuwapokea ndipo nikajua kijana mmoja ni nani.

Usinilaumu, tafadhali. Wewe ungefanyaje? Mtu kakuambia nzuri, unaanza kumhoji kama polisi? Mikaeli naye nilimfokea mbele za watu. Akaniambia, "Dada, kwetu mtu hampi mwanamke habari mbaya kwa redio, watu wote wa mlimani wanasikia. Nilidhani ukisikia 'ila' utaelewa." Kumbe Bariki alizimia, alipozinduka akatapika, na njia nzima alikuwa akiuliza "Tumefika wapi?", akijibiwa anauliza tena. Yote hayo Mikaeli aliyaona kwa macho yake, akayafunga ndani ya neno "kidogo" akanitumia.

Bariki anakula uji. Analala sana. Hospitali wametuambia tuwe na subira. Sisi tunasali.

Fransiska


Tabora
22 Oktoba 1997

Fransiska mwanangu,

Sikulaumu. Nasema mapema ili uendelee kusoma. Ulilelewa vizuri na mama yako, ukafundishwa kwamba mtu akisema nzuri unashukuru na kupita. Hata mimi nikipishana na Omari ana homa ya kufa namuuliza habari, ananiambia nzuri. Hayo ni ya njiani. Kazini ni pengine. Stesheni tulisalimiana kama kawaida, kisha tukivaa kofia salamu zimekwisha, mtu asinipe adabu, anipe treni.

Na huyo Mikaeli usimchukie. Alitaka kusema, akaogopa kukutia hofu. Lakini hofu ndiyo iliyokuwa ikitakiwa pale! Gari lingepandishwa na hofu, siyo na chai.

Sikiliza, mimi nimelala nikiliwaza jambo hili. Bandika karatasi juu ya hiyo redio yako. Andika: nani, kwa jina. Yuko wapi. Umeona nini kwa macho yako. Usiniambie anaumwa, niambie anatapika, niambie hamjui mwenzake. Unataka tufanye nini. Kisha wewe unayepokea urudie yote. Ukiwa umemaliza kurudia, ndipo uende kwa bosi wako, na umwambie yale yale, usiyapunguze hata chumvi. Ungemwambia bosi "Bariki Mushi yuko Miriakamba, amepiga kisogo, alizimia, anatapika, wanaomba gari lililo getini", angekuwa na uso gani wa kusema lirudi mjini? Labda angekuwa nao. Lakini angekuwa amejua anachokifanya.

Sasa, umenijibu ya mlima, ya nyumbani umeyakwepa. Anakula uji, analala. Hata paka. Anatembea? Anasema nini? Anamjua nani kwa jina?

Mvua zimeanza huku kwa fujo ambayo sijaiona tangu nihamie. Mimi sijambo, ila mguu unanisumbua kidogo.

Baba yako,
Aloisi


Sekei
20 Novemba 1997

Shikamoo Baba Mkubwa,

Huku nako mvua haikatiki. Barabara ya Ngarenaro imekuwa mto, na ukuta wa choo chetu umelala chini. Mama amehamishia nguo zake sebuleni, tunaishi kama tuko ndani ya marobota.

Karatasi niliibandika. Mwanzoni walinicheka. Mikaeli aliniambia, "Dada, siku hizi unaniuliza kama unataka kunioa." Lakini yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuifuata, maana kijana wa watu anateseka moyoni. Nami nikirudia maneno, wenzangu ofisini wanaitikia kama kwenye litania.

Juma lililopita Mikaeli akaita. Hakunisalimu hata kidogo. "Dada, ni Saruni Laizer, wa Olasiti. Yuko kibanda cha juu. Anakohoa povu lenye damu, midomo imebadilika rangi, akilala hapati pumzi. Tunamteremsha sasa hivi kwa kumbeba. Tunaomba gari litukute Miriakamba." Nikarudia yote. Akasema, "Ndivyo." Bosi hakuwepo. Nikamwambia dereva maneno yale yale, akanitazama, akachukua ufunguo bila kuuliza swali. Saruni alifikishwa hospitali bado anapumua. Jana kaja ofisini kwa miguu yake, kaleta maziwa kwenye kibuyu, kasimama mlangoni anacheka.

Baba Mkubwa, nilifurahi, kisha nikaenda chooni nikalia mpaka wakaja kunigongea. Kumbe inawezekana! Mlima ni ule ule, dereva yule yule, gari lile lile, Mikaeli yule yule. Kumbe ilikuwa inawezekana siku zote.

Bosi aliporudi hakuuliza habari za Saruni. Aliuliza nani kampa ruhusa dereva, kwani wageni wa kwenda Lushoto walisubiri hotelini wakakasirika. Tena akasema nisirudie kusema mambo ya damu redioni, kampuni nyingine zinasikia, zitatutangaza kwamba tunaua watu. Karatasi akaibandua mwenyewe. Amenipa onyo.

Bariki hajambo, anawasalimu. Na wewe, mguu wako "kidogo" ni kiasi gani? Au sheria za reli ni za kwetu tu?

Fransiska


Tabora
27 Desemba 1997

Fransiska,

Noeli imepita, natumaini mlikula chochote. Barua yako imechelewa mno, imefika ikiwa imelowa, na hii sijui itafika lini. Reli imekatika huko mbele ya Dodoma, maji yamebeba tuta zima, mataruma ya reli yananing'inia hewani. Omari amekuja kuniambia huku analia. Mabasi ya Singida nayo yamekwama kwenye tope. Mimi niliyewapa watu njia maisha yangu yote, leo sina njia.

Umenishika. Haya, nasema. Ni kisukari. Kilianza kidonda cha dole gumba, nikasema kidogo. Nikasema kidogo mpaka wakanikata mguu wa kushoto chini ya goti, mwezi wa Novemba, hospitali ya hapa. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi niliyasikia ya wakuu wote, na guu limekwenda. Natembelea magongo mawili aliyonichongea Omari, moja refu kuliko jingine, fundi wa ishara huyo.

Mimi nimesema, nawe useme. "Bariki hajambo, anawasalimu." Anatusalimu nani? Mwanangu tangu anajua kusema hajawahi kunisalimu kupitia mtu. Hata nikiwa zamu alikuwa anakuja mpaka dirishani, ananiita "Meku", mzee kwa Kichaga chetu, huku akijua kabisa sitaki kuitwa mzee mbele ya abiria.

Nakuuliza swali moja, sitaongeza la pili. Nikipata namna, nikaburuta magongo haya hadi Sekei, nikaingia chumbani kwake, atanijua?

Aloisi


Sekei
25 Januari 1998

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Pole kwa mguu. Nimelia, Mama amelia. Sina habari nyingine za kutanguliza, nimejaribu kuzitafuta nikakosa.

Hapana. Hatakujua.

Ile salamu niliitunga mimi. Tangu wiki ya pili hasemi neno. Mwanzoni aliuliza bado "Tumefika wapi?", hata usiku, kisha ikabaki "tume", kisha hata hiyo ikakoma. Macho yako wazi lakini ukipita mbele yake hayakufuati. Hatembei. Tunamgeuza mimi na Mama kila mara, hata hivyo ana vidonda nyongani na kwenye kisigino cha kulia. Uji tunamwekea kwa kijiko na mara nyingine unapita pabaya, ndiyo hicho kikohozi cha usiku. Amebaki mwepesi, Mama anamnyanyua peke yake. Kitu kimoja kinamrudia: mkono wa kulia unapanda taratibu mpaka kichwani, unashika kama mtu anayeweka mzigo sawa, kisha unashuka. Akifanya hivyo Mama anatoka nje.

Hospitali ya rufaa kule Moshi walituambia damu ilivuja ndani ya fuvu ikaubana ubongo. Daktari aliuliza alizimia muda gani, alianza kutapika lini, nani alimwona. Sikuwa na la kumjibu, Mikaeli hakuwa amenieleza bado. Alisema angefikishwa siku ile ile wangeitoa hiyo damu. Sasa hakuna cha kutoa. Hakusema kidogo wala sana. Alisema hakuna.

Nilikuficha kwa sababu wewe ni mkubwa wangu na uko mbali, na nani ampe mzee habari hiyo kwa karatasi? Nilijiambia labda ataamka, nikuandikie ameamka, na uongo wote uwe umejifuta. Sasa umejua.

Kazini wameniondoa kwenye redio. Napokea wageni, nawamiminia juisi. Kwenye redio kawekwa Hope, binti wa dada yake bosi, ana sauti tamu. Jana nilipita nikamsikia anasema, "Sawa kaka, poleni, mpeni chai."

Fransiska


Tabora
19 Februari 1998

Fransiska mwanangu,

Barua yako ya Januari nimeipata Jumatatu. Jana imekuja simu ya maandishi, imeandikwa BARIKI AMEZIDIWA NJOO HARAKA. Sijui ni nani kati ya wajomba zako aliyeituma. Wewe usingeandika hivyo.

Nilipokuwa stesheni simu hizo zilipita mikononi mwangu. MAMA MGONJWA NJOO. MTOTO AMEZIDIWA NJOO. Mimi ndiye niliyewapelekea watu nyumbani kwao, nami nikijua huyo mgonjwa ameshakufa, na kila mtu mtaani anajua, isipokuwa yule mwenye simu. Yeye anakimbilia treni amebeba dawa na machungwa ya mgonjwa. Nimewauzia tiketi watu wenye machungwa, Fransiska. Sikuwaambia. Niliona ndiyo huruma.

Leo imefika zamu yangu, wala sikununua machungwa. Omari anakaa hapa ananiambia, "Amezidiwa tu, mzee, Mungu yupo." Nimemwambia aende nyumbani kwake.

Siwezi kuja. Nimeulizia kila mahali. Reli haijaunganishwa, na barabara hata mwenye miguu miwili hafiki. Watazika bila mimi, pengine wameshazika. Wanasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi tumeumbuka wote, mimi na wewe na yule mpole wa mlimani.

Nifanyie jambo moja. Usinitumie pole. Niambie kama mlivyosema redioni ulipokuwa na karatasi yako.

Aloisi


Kibosho
8 Machi 1998

Baba Mkubwa,

Ni Bariki Mushi, mwanao.

Alifariki Sekei, chumbani kwetu, Jumapili ya tarehe 15 Februari asubuhi, watu wakitoka misa ya kwanza. Mama alikuwa amemshika kichwa, mimi miguu. Alikuwa na homa ya mapafu tangu Alhamisi. Pumzi ilikuwa inakaa, inarudi, inakaa, halafu haikurudi. Hakulia, hakuhangaika, wala mkono haukupanda kichwani. Hakutaja jina la mtu. Sitakuambia alikuita, maana hakukuita.

Tulimwosha mimi na Mama na Mikaeli. Mikaeli aliomba mwenyewe. Alivalishwa shati jeupe na koti lako la stesheni uliloliacha kwa Bibi, lenye vifungo vya shaba. Kimoja kilikuwa kimepotea, Mama akashona cha mtumba. Wagumu walimbeba mabegani kutoka barabara kuu hadi kihambani, kwenye shamba la ukoo, kwa sababu gari lilikwama kwenye tope. Hawakukubali tuwapokee. Saruni alikuwa mbele. Bosi alituma shada la maua, limeandikwa jina la kampuni.

Amezikwa kwenye kihamba cha babu, Jumatano tarehe 18. Simama kwenye mlango wa nyuma wa nyumba ya Bibi, mgongo uuache ndani. Mkono wa kushoto ni mfereji, bado unatoa maji. Ufuate mpaka pale palipokuwa na jiwe lako la kunolea panga. Hapo uuache mfereji, uingie migombani. Utapita kaburi la Bibi, kisha la Mama Bariki. Lake ni linalofuata, kati ya mama yake na ule mti mkubwa wa mringaringa. Kichwa kiko upande wa Kibo. Tumepanda masale pembe zote, na Mama amechimbua mche mmoja wa kahawa kwenye shamba lililong'olewa, ameupanda miguuni pake. Udongo bado haujatulia kwa sababu ya mvua, nimeurudishia jana kwa mikono.

Ninachotaka kwako ni kimoja. Rudia, Baba Mkubwa, nijue umepokea.

Fransiska


Tabora
2 Aprili 1998

Fransiska,

Nimepokea.

Bariki Mushi, mwanangu. Amefariki Sekei, Jumapili tarehe 15 Februari, asubuhi, watu wakitoka misa ya kwanza, Skolastika akiwa kichwani na wewe miguuni. Hakuita mtu. Amevaa koti langu, kifungo kimoja si chake. Amezikwa kihambani kwa babu, Jumatano tarehe 18. Kutoka mlango wa nyuma, mfereji kushoto, mpaka jiwe la kunolea. Ndani ya migomba, kupita Bibi, kupita mama yake, kabla ya mringaringa. Kichwa upande wa Kibo. Mkahawa miguuni.

Nimerudia kama nilivyopewa. Kama nimekosea mahali, nisahihishe.

Kama sikukosea, njia iko wazi. Mwache aondoke.

Aloisi Mushi